Gari lililonyanyuliwa halijaisha mpaka kasta ipimwe

Jumamosi moja asubuhi nilitoka Nyakato na Land Cruiser langu la toleo la 80, siku ya tatu tangu linyanyuliwe inchi 2. Springi mpya, shokapu mpya, tairi za inchi 33. Safari ilikuwa ya Lamadi. Igoma, Kisesa, Nyanguge, sikuona tatizo lolote isipokuwa usukani kuwa mwepesi kuliko nilivyouzoea, na kusema kweli niliufurahia wepesi huo. Tulipoipita Magu, nikiwa kwenye kilomita 80 kwa saa hivi, tairi la kushoto likakanyaga kiraka cha lami kilichovimba. Usukani ukaanza kupiga kushoto kulia kwa nguvu ambayo mikono yangu haikuiweza. Dashibodi nzima inagonga, boneti inacheza, na mbele yangu pembeni ya lami wapo kina mama wanne wenye mabeseni ya dagaa vichwani.

Nilipunguza mwendo taratibu, lilipofika 40 likatulia. Nikapaki na kushuka. Mama mmoja akaniuliza, "Baba, kimekatika nini?" Nikaingia chini kuangalia. Hakuna kilichokatika. Kila boliti ilikuwa mahali pake, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi, maana kilichokatika ungekiona ukabadilisha.

Naandika haya kwa sababu magari yanayonyanyuliwa yameongezeka sana hapa Mwanza, na sioni ubaya. Mtu mwenye shamba Kwimba au anayeingia vijiji vya Sengerema masika anajua udongo mweusi wa mbuga ukilowa unavyoshika gari mpaka kwenye ekseli. Ninacholalamikia ni kazi kuishia kwenye springi na tairi. Gari linashushwa kwenye jeki, linapigwa picha, mwenyewe anakabidhiwa funguo. Usukani haujaguswa.

Nilirudi gereji. Jibu la fundi lilikuwa fupi: "Kaka, weka shokapu ya usukani, itaisha." Nikaweka. Kwa wiki mbili nilidhani imeisha, kisha mtikisiko ukarudi kama mwanzo. Kile kifaa kinameza mtikisiko, chanzo hakikigusi. Ni kitu kizuri kwenye gari ambalo tayari liko sawa. Kumuuzia mtu kama tiba ni kumdanganya, na nalisema hili kwa uchungu kwa sababu wapo wenzangu wanaotembea nacho mpaka leo wakiamini wamepona.

Nikaenda kupima alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, kwenye mashine. Karatasi ikatoka: kasta (nitaieleza mbele kidogo) kushoto nyuzi 0.7, kulia 0.9, zote kwa wino mwekundu. Kijana akarekebisha tairodi, fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele, ili tairi zitazame mbele vizuri, akaniambia tayari. Nikamwonyesha wino mwekundu. "Hiyo haina pa kurekebishia, bosi." Hakusema uongo. Kwenye ekseli nzima, ile moja inayobeba magurudumu yote mawili ya mbele, kama ya 80, au Land Cruiser Mkonga, au Jimny, hakuna boliti ya kuzungusha ili upate kasta. Ila kukosa boliti si sawa na kukosa dawa.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi wa Mabatini. Nilipomsalimia na kumpa ile karatasi, hakuisoma kwanza. Alivuta baiskeli yake, Phoenix ya siku nyingi, akaishika kwenye siti tu, akaisukuma mbele. Ikaenda imenyooka bila mkono kwenye usukani. Akaivuta kurudi nyuma. Gurudumu la mbele likapinduka palepale. "Umeona? Foku imelala, haikusimama wima. Ikienda mbele, tairi linafuata lenyewe. Ukiiondolea ule mlalo, tairi halijui pa kwenda."

Kasta ndiyo huo mlalo. Ukilitazama gari kwa ubavu, mhimili ambao gurudumu linageukia umelala kidogo kwa nyuma juu. Ndio unaorudisha usukani katikati ukimaliza kona, na ndio unaolishika gari kwenye mstari ukiwa kasi. Land Cruiser la 80 hutoka kiwandani na nyuzi kama 3. Ekseli yake ya mbele imeshikwa na mikono miwili mizito iliyofungwa nyuma kwenye chasisi. Ukiinua chasisi, ile mikono inazunguka na ekseli inazunguka nayo, kama kichwa kinachoinama. Kwa inchi 2 unapoteza karibu nyuzi 2. Kwa hiyo ule wepesi niliouona Kisesa ulikuwa gari linaniambia kwamba halijishiki tena.

Dawa ni bushi za kasta, mipira ya kwenye viungo, zile ambazo tundu lake halikukaa katikati. Zinaingia kwenye ile mikono kwa presi na kuizungusha ekseli irudi. Mzee alichora mstari wa chaki kwenye mkono na mwingine kwenye bushi kabla ya kubonyeza, akarudia kuangalia mara tatu, kwa sababu bushi hiyo ukiipachika kichwa chini inakuondolea hata kile kidogo kilichobaki. Walionyanyua juu zaidi bushi peke yake haziwatoshi; wanahitaji mabano ya kushusha mikono au mikono mingine kabisa. Wenye Land Cruiser za zamani zenye springi za mapande (bapa za chuma zilizopangwa) mbele wana njia rahisi zaidi, kabari za chuma kati ya springi na ekseli.

Hapohapo mzee akaniomba nikae kwenye usukani na kuuzungusha kidogo kidogo, kushoto na kulia, tairi zikiwa chini, yeye akiwa uvunguni na kidole juu ya kila kiungo. Kidole kinahisi kabla jicho halijaona. Akaniita nishuke nishike mwenyewe: bushi ya panadi rodi, fimbo inayozuia ekseli isisogee pembeni, ilikuwa inacheza. Kisha akapiga jeki, akashika tairi juu na chini akalitikisa, beringi za kingpini, pale gurudumu linapogeukia, nazo zimelegea. Kasta ndogo peke yake ingenipa gari linaloyumba. Ulegevu peke yake labda ningeuvumilia miezi. Viwili vilipokutana na kile kiraka cha lami, ndipo usukani ukaasi.

Panadi rodi ina shida yake nyingine. Inatoka kwenye chasisi upande mmoja kwenda ekseli upande wa pili, kwa hiyo gari likipanda, ekseli yote inasogea pembeni milimita kadhaa, na usukani unakaa upande hata ukienda moja kwa moja. Hapa ndipo kuna kosa linalonikera kuliko yote: fundi anachomoa usukani kwenye meno yake na kuupachika upya uonekane umenyooka. Steringi boksi limetengenezwa libane zaidi likiwa katikati. Ukihamisha usukani badala ya kurekebisha urefu wa fimbo inayotoka kwenye boksi kwenda gurudumuni, unatembea siku zote nje ya ile sehemu iliyobana, na mchezo kwenye usukani hauishi. Pia fimbo hiyo na panadi rodi zinatakiwa zilale sambamba. Nimeona gari ambalo panadi imeshushwa kwa mabano na fimbo ikaachwa na mlalo wake. Kila tuta linageuza tairi bila dereva kutaka.

Hilux na wenzake wenye mbele ya kujitegemea kila upande wana hesabu tofauti. Kwao, pamoja na kasta, kuna mlalo wa tairi ndani au nje, na boliti za kurekebishia zikifika mwisho wanahitaji mikono mingine ya juu. Na rimu zinazotoka nje sana, kwa gari lolote, zinalipa kila jiwe nguvu ya kukunyang'anya usukani.

Baada ya bushi, beringi na panadi ya kurekebishika, nilirudi kwenye mashine ileile. Kushoto 2.8, kulia 2.9. Jumapili nikapita tena baada ya Magu, nikakitafuta kile kiraka kwa makusudi, barabara ikiwa tupu. Gari likapiga mara moja likaendelea.

Ombi langu kwa wenye gereji za hapa kwetu ni hili. Mnapompa mteja bei ya kunyanyua, wekeni ndani yake bushi za kasta na kipimo cha mashine, hata kama bei itaonekana kubwa kuliko ya jirani. Mkabidhini funguo pamoja na karatasi. Na ninyi mnaonyanyua, msipokee funguo kabla hamjaona tarakimu ya kasta kwa macho yenu, kwa sababu wale kina mama wa dagaa wanapita barabara ile kila siku ya soko, na pembeni ya lami hawana pa kurukia zaidi ya mtaro.