Ubani wa Darajani na nyota ya mamajusi

Siku mbili kabla ya Epifania nilitumwa sokoni Darajani, mjini Unguja, kununua ubani wa kanisani. Mzee muuzaji aliuchota kwa kikombe, akapuliza vumbi, akawa ananichagulia chenga nyeupe zinazopitisha mwanga.

"Mna hitima, mwanangu?"

"Hapana, babu. Wa kanisani. Tunawakumbuka wageni waliompelekea mtoto Isa ubani."

Akasita, kikombe mkononi. "Walitoka wapi?"

"Mashariki."

"Basi hao ubani wanaujua." Akanitilia chenga mbili za nyongeza.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaza. Epifania, au Tokeo la Bwana kama wengine wasemavyo, ni tarehe 6 Januari, na wengi wetu tunaijua kama siku ya kuteremsha mapambo ya Krismasi. Naona tunajidhulumu. Kwa Wakristo wa Unguja na Pemba, tulio wachache katikati ya majirani Waislamu, hakuna sikukuu inayotuhusu kuliko hii.

Tazameni ni nani waliofika. Mfalme Herode alipouliza Kristo atazaliwa wapi, wakuu wa makuhani na waandishi walijibu papo hapo: Bethlehemu ya Uyahudi. Maandiko walikuwa nayo kichwani. Na Yerusalemu hadi Bethlehemu ni mwendo kama wa kutoka mjini hadi Bububu. Mathayo hatuambii kwamba hata mmoja wao alikwenda. Waliokwenda ni mamajusi, wageni wasio na torati, wasomaji wa nyota, kama manahodha wetu waliovuka bahari na kaskazi kwa kutazama juu. Sentensi hiyo hunichoma kila mwaka, kwa sababu mimi niko upande wa waandishi: najua aya, na nimekaa.

Kisha "wakaingia nyumbani, wakamwona mtoto pamoja na Mariamu mamaye." Hakuna aliyewauliza mlangoni dini yao. Waliingia na walichokuwa nacho, kikapokelewa. Ule uvumba wa Biblia ni huu huu ubani, utomvu wa miti ya Dhofari na Usomali, unaofukizwa majumbani mwetu mtoto akizaliwa na maiti akioshwa. Mzee wa Darajani hakuhitaji kuelezwa thamani yake.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani kushuhudia ni kuongeza sauti ya spika. Nyota iliyowaongoza mamajusi haikupiga kelele. Ilisimama juu ya nyumba. Swali letu ni hili: mgeni akiingia kwetu, atamkuta mtoto, au atatukuta sisi tunagombania viti?

Mkunazini, mjini Unguja, lilipo kanisa kuu la Kianglikana, swali hilo lina uzito wake. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku ya Krismasi 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa, mwaka ule ule soko lilipofungwa. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru linaloonyesha ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Ni rahisi kusimama pale na kujisifu kwamba nuru ilikuja na sisi. Lakini katika karne ya 18 mashamba ya Wafaransa wa Mauritius na Réunion yalinunua watu kutoka pwani hii, na wenye mashamba hayo walikuwa wamebatizwa. Nikipiga goti karibu na duara lile, najua nami ni mmoja wa waliokuja kuangaziwa.

Siku ya sikukuu chetezo kilizungushwa, moshi ukapanda hadi darini, na nguo zangu zikanukia ubani mpaka jioni. Nilipompelekea jirani yangu sahani ya mkate wa kumimina, alinusa akatabasamu, akauliza kwetu kuna shughuli gani. Nikaketi naye barazani, nikaanzia kwenye nyota.