Michoro ya Kondoa na ramani isiyochagua msomaji

Eneo la Urithi wa Dunia la michoro ya miambani Kondoa, Tanzania, lililoorodheshwa na UNESCO mwaka 2006, lina kilomita za mraba 2,336 na mapango yenye michoro zaidi ya 150. Kuweka mlinzi kwenye kila jabali haiwezekani, na hapo ndipo mfumo wa taarifa za kijiografia unapofaa. Mfumo huo huweka juu ya ramani moja mahali lilipo kila pango, mashamba, barabara na picha za satelaiti, hata mhifadhi aliyeko kijijini Kolo akaweza kubaini mapema ni mapango yapi yanayosogelewa na wakulima au wakata kuni, akawapeleka huko watu wachache alio nao. Programu huria za kuchora ramani kama QGIS zimeondoa gharama ya leseni, ingawa haziwalipi posho wanaokwenda porini kupima.

Hofu ya wanaopinga mapango kuwekwa kwenye ramani, hata hivyo, si ya kubuni. Baadhi ya mapango ya Kondoa yamechimbwa na watu wanaoamini kwamba Wajerumani walificha mali humo, na ramani yenye vipimo sahihi vya mahali itamfikisha mchimbaji kama inavyomfikisha mtafiti. Hujibiwa kwamba mwenyeji hahitaji kompyuta kulijua pango la kwao. Ni kweli kwa mwenyeji. Mgeni anayetoka mbali ndiye atakayerahisishiwa safari.

Kwangu mimi, suala zito zaidi liko kwenye jedwali lililo nyuma ya ramani, ambamo habari za kila pango huandikwa. Katika pango la Mungumi wa Kolo wenyeji bado hufanya matambiko, na pombe inayonyunyizwa humo huigusa michoro. Mtaalamu akiwa na safu moja tu iliyoandikwa “uharibifu”, ataiweka pombe hiyo pamoja na majina yaliyokwaruzwa na watalii, na kila atakayesoma takwimu baadaye atamwona mzee wa mila kuwa mharibifu, ilhali tambiko hilo ni sehemu ya urithi wenyewe.

Kwa hiyo naunga mkono mfumo huu kwa masharti mawili. Vipimo kamili vibaki kwa wahifadhi na watafiti wenye kibali, umma uonyeshwe kijiji tu, isipokuwa kwa mapango ambayo tayari yamefunguliwa kwa watalii. Pili, safu ya matambiko ijazwe na wazee wenyewe, nao wawe na haki ya kuiacha tupu.