Pleya inanunuliwa na kidole gumba

Jumatano jioni tuko kwa matatu Landhies Road, Nairobi, mvua ya rasharasha, jam imelala kabisa, dirisha liko wazi kidogo kwa sababu kuna mama huko nyuma amekataa kufungiwa hewa. Mbele yangu, hapo dirishani, ameketi kijana na hedifoni za waya, simu mkononi. Hakuwa anapiga picha. Hakuwa anatuma pesa. Alikuwa anaruka wimbo. Wimbo mmoja tu umemchosha, basi alikuwa ameitoa mfukoni, akawasha skrini, akaweka namba ya siri, akafungua apu, akaanza kutafuta kale ka-x ka kufunga tangazo la kubeti, na kabla kidole hakijafika pale, mkono ukaingia dirishani ukatoka na simu. Yeye akabaki na hedifoni masikioni na waya unaning'inia kifuani. Akageuka akatuangalia, kama sisi ndio tunajua imeenda wapi. Konda akasema vile makonda husema, "si niliwaambia mfunge madirisha", hakuwa ametuambia kitu, na gari ikasonga mita tatu.

Wakati huo wote mkono wangu uko ndani ya mfuko wa jaketi. Tangu Muthurwa nilikuwa nimeruka nyimbo nne na nimepunguza sauti mara mbili nisikie konda akidai fare, na hakuna mtu kwa hiyo gari alijua niko na kitu chochote cha kuruka. Sisemi hivi kujigamba, nasema kwa sababu nimekaa na hasira tangu hiyo siku, na hasira yenyewe si ya mwizi peke yake. Mwizi kazi yake tunaijua. Nina hasira na hawa watu waliotushawishi ati ili usikize muziki lazima utoe mfukoni kioo cha elfu 30 na ukiangalie.

Kila mtu akijua natumia pleya, kale kamashine ka kucheza muziki peke yake, ananiuliza ninunue gani, na kabla sijajibu anaanza hadithi za sauti. Ati iko na besi? Ati inasoma FLAC, zile faili za muziki zisizopunguzwa ubora? Ati ina chipu gani ndani? Hebu tulia. Pleya hainunuliwi na masikio, inanunuliwa na kidole gumba. Ukienda dukani omba uishike, uiweke mfukoni, mfuko wako wewe na nguo unazovaa kila siku, halafu umwangalie muuzaji usoni na bila kuchungulia chini ucheze wimbo, uruke mbele, urudi nyuma, uongeze sauti, upunguze, usimamishe. Ukikosea mara moja, ni sawa, ni mgeni. Ukikosea mara tatu, mrudishie kitu chake. Muuzaji atakuangalia vibaya kwa sababu umeweka mali yake mfukoni na unamkodolea macho, kwa hivyo mwachie kitambulisho kwa kaunta kama ataanza kutetemeka. Mimi nimefanya hivyo maduka manne, mawili wakanicheka, moja wakanifukuza.

Batani zikiwa tambarare zote, zimelingana kama tiles za bafu, wacha. Unataka moja iwe na kinundu au shimo, kidole kikifika hapo kijue hapa ni katikati, huku ni mbele. Za sauti ziwe pembeni, mbali na za kuruka, la sivyo utataka kupunguza na utajikuta umeruka. Na iwe na ile swichi ya kufunga batani, ile ya kusukuma, sio ya kufinya sekunde tatu huku unahesabu. Nusu ya pleya za siku hizi hazina hiyo swichi, na ndio unapata mtu amekalia pleya yake imejiongeza sauti hadi mwisho na yeye analaumu hedifoni.

Na hii si akili yangu mpya. Walkman ya Sony ya 1979 ulikuwa unaiendesha ikiwa kiunoni, unafinya tu, unasikia "klak". Ile iPod ya kwanza ya 2001 ilikuwa na GB 5 peke yake, nyimbo kama 1,000, lakini gurudumu lake lilikuwa linazunguka kweli kweli chini ya kidole, na ndio watu waliipenda. Halafu skrini ikameza kila kitu. Apple wenyewe walipoacha kabisa kutengeneza iPod 2022, ile ya mwisho ilikuwa kioo kitupu, simu isiyopiga simu. Ni sawa, kila mtu na biashara yake, lakini mimi kidole changu hakijabadilika tangu 2001.

Sasa niwaambie vile nilijifunza, kwa sababu sikuzaliwa nikijua. Pleya yangu ya kwanza niliinunua Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki, duka silitaji, na nilifanya makosa yote niliyowaambia msifanye. Skrini nzuri, rangi ya dhahabu, inasoma vitabu, inaonyesha video, iko na mchezo wa nyoka, na ndani kuna memori ya GB 128 ya bure. Bure! Mimi na akili zangu timamu, Mkenya wa Nairobi, nikaamini neno bure nikiwa Luthuli. Nikaenda nyumbani nikajaza nyimbo wikendi nzima. Jumatatu kwa gari, nyimbo za mwanzo ziko sawa, halafu ikafika mahali jina la wimbo linaonekana, dakika zinaonekana, sekunde zinahesabika vizuri kabisa, na hakuna sauti. Kimya. Wimbo baada ya wimbo, majina matupu, kama orodha ya wapiga kura.

Nikarudi. Kijana wa duka akaiangalia akasema, "Mami, hiyo ni kompyuta yako iko na virusi." Nikamwambia sina virusi. Akasema basi ni nyimbo zako. Nyimbo zangu!

Huo mchezo ukitaka kuujua ni hivi. Ndani ya memori kuna kachipu kanakoiambia mashine ukubwa wake, na matapeli wanakapanga upya kaseme 128 wakati nafasi ya kweli ni 8 hivi. Ukipita hiyo 8 hakuna kitu kitakataa, majina yataandikwa vizuri, lakini nyimbo zenyewe zinalaliana ama zinapotea tu hewani. Kwa hivyo ukinunua memori, usiangalie ile namba inayoonyeshwa, ijaze hadi mwisho halafu uirudie kuisoma. Kuna programu za bure za hiyo kazi, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac, unaiwacha ifanye kazi wewe unapika, inakuambia ukweli. Na kwani GB 128 ni za nini? Memori zinazopita GB 32 huwa zinakuja na mpangilio wa kuhifadhi faili unaoitwa exFAT, na pleya nyingi za bei ya chini zinajua ule wa zamani, FAT32, peke yake, unaweka inakuambia hakuna memori. Wimbo wa MP3 wa dakika 4, hata kwa ubora wa juu wa kbps 320, haufiki MB 10. GB 32 ni nyimbo kama 3,000. Wewe una nyimbo 3,000 unazozipenda? Mimi nikihesabu bila kujidanganya sifiki 600.

FLAC, kwa wale watakaokuja kunipigia kelele: ndio, haipotezi kitu, nakubali, na usiku nyumbani, taa zimezimwa, na hedifoni nzuri, labda utasikia tofauti. Labda. Kwa nganya, hizi matatu za mapambo na kelele, ya Umoja yenye spika nane na injini iko chini ya miguu yako hutasikia, na faili ni kubwa karibu mara tatu kuliko ya MP3.

Redio ya FM ni nzuri kuwa nayo, lakini kumbuka waya wa hedifoni ndio antena, kwa hivyo ukijifanya wa Bluetooth utasikiza mchanga.

Kitu kingine hakuna mtu aliniambia, na kilinifanya nilie kwa jikoni, na hapa wacha nitoke nje ya njia kidogo. Baba yangu alituachia katoni ya kaseti. Rhumba, benga, taarab kidogo alizotoa Mombasa alipokuwa anafanya kazi huko, na nyingine hazina hata karatasi, ni mwandiko wake wa kalamu ya buluu: upande A, upande B, na tarehe. Nilizihamisha zote mwenyewe. Hakuna njia ya mkato, kaseti ya dakika 60 inachukua dakika 60, unachomeka waya kutoka kwa redio kaseti hadi kwa laptopu, unafungua Audacity, programu ya kurekodi sauti, unafinya rekodi, unakaa. Miezi miwili ya Jumapili. Ukiona utepe umekwama unaurudisha na biro, wa umri wangu mnajua.

Sasa nikaziweka kwa pleya, nikacheza, na upande B ukaanza kabla ya A. Nikafuta nikaweka tena, ikawa vile vile. Kumbe pleya nyingi za bei ndogo hazipangi nyimbo kwa namba wala kwa alfabeti, zinacheza kwa vile faili ziliingia kwa memori, ya kwanza kuingia ndiyo ya kwanza kucheza. Dawa yake ni kuandika 01, 02, 03 mwanzoni mwa jina na kuziingiza moja moja kwa huo mpangilio. Nilifanya hivyo usiku, moja moja, na ndio nikafika kaseti moja ambayo sikuwa nimeisikiza hadi mwisho siku ile ya kurekodi, nilikuwa nimeiwacha ikienda nikaenda kufua. Mwisho wa upande B wimbo unaisha, kuna mchakacho, halafu mtu amefinya rekodi bila kujua, kuna sauti ya sufuria, na mama yangu anasema, "Wewe, chai inapoa." Baba hajibu. Kuna hatua za viatu. Halafu utepe unaisha.

Ni sekunde 11. Nimezipa faili yao peke yao. Hakuna apu ya kulipia kila mwezi inayoweza kuniuzia hiyo, na hakuna siku nitaamka nipate imegeuka rangi ya kijivu na ujumbe ati haipatikani tena nchini kwako, vile zilivyofanyiwa nyimbo kadhaa nilizokuwa nimezizoea na nimezilipia, ama nilidhani nimezilipia, kumbe nilikuwa nimekodi.

Haya, najua swali linalokuja. Nyimbo mpya unatoa wapi? CD, wasanii wanaouza wenyewe, wengine wako Bandcamp, tovuti ambapo wasanii huuza nyimbo zao, na ndio, zile apu zinakuonyesha wasanii usingewajua, hilo siwezi kukataa na sitaki kulizungumzia sana.

Na kuna yule wa pili, huyu ananiumiza zaidi kwa sababu ako na pointi: "si ununue tu kabambe?" Kabambe, ile simu ndogo ya bei rahisi, ina batani za kweli, inaingia memori, betri inakaa wiki, na ikiibiwa unanunua nyingine. Sawa. Umeshinda. Isipokuwa kabambe inaita. Uko kwa gitaa linapanda, pale pale linapotaka kufungua, na mtu anakupigia kukuuliza kama unamjua fulani aliyekopa elfu mbili kwa apu akakuandika wewe kama mdhamini. Pleya haina namba. Hakuna mtu anaweza kunipigia kwa pleya. Mtoto wa dada yangu aliiona juu ya meza akaishika, akaigeuza, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu wa kanisa, "Anti, kwani umeanza kuvuta?" Alidhani ni ile shisha ya umeme. Nikamwambia ni ya muziki, akauliza WhatsApp iko wapi, nikamwambia haina. Alinihurumia, nikaona kwa macho yake.

Sauti usipandishe hadi mwisho kushindana na spika za gari, WHO wanasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ndio mwisho wa usalama kwa mtu mzima, na saa 40 wengine wetu tunazimaliza Jogoo Road tu.

Ile ninayotumia sasa niliipata mtumba, nyeusi, imekwaruzwa, batani ya katikati ina shimo dogo la kidole, swichi ya kufunga iko juu, haina mchezo wa nyoka. Niliifanyia ule mtihani wa mfuko nikafaulu mara ya kwanza. Kitu sikuuliza ni betri. Zamani ilikuwa inakaa siku nzima na zaidi, sasa baada ya masaa manne imekata, na juzi nikiilaza juu ya meza ikawa inayumba, mgongo umeanza kufura. Nimeacha kuichaji, najua lithiamu ikifura si ya kuchezea. Imefungwa na gundi, haina hata skrubu. Fundi mmoja wa River Road ameniambia betri ya hiyo saizi hana, mwingine amesema analeta kesho, na hiyo kesho ni wiki ya tatu. Kama kuna mtu anajua fundi anayefungua hizi vitu bila kuvunja batani, batani tafadhali, kioo hata kikipasuka sijali, aniambie yuko wapi nimpelekee.