Sare ya Tunisia: nyumbani waliielewa, sisi wa Uingereza tuliisoma kwenye simu

Tangu Taifa Stars itoke 1-1 na Tunisia mjini Rabat, tarehe 30 Desemba 2025, kwenye mechi ya mwisho ya kundi C la AFCON, fainali za mataifa ya Afrika, kuna swali ambalo Watanzania wa huku Uingereza tunapenda kuwatupia walioko nyumbani: timu imemaliza makundi na pointi mbili, haijashinda hata mechi moja, mnashangilia nini? Tunaliuliza kwa sauti ya mtu aliyekaa karibu na Ligi Kuu ya England na kudhani ukaribu huo umempa macho ya ziada. Mimi naona sare ile nyumbani waliielewa vizuri kuliko sisi, na sababu zake zinaeleweka.

Tuanze na hesabu, maana ndiko tulikochemka kwanza. Kundi A na kundi B yalimaliza mechi zake tarehe 29 Desemba, siku moja kabla. Kwa hiyo Stars wanaingia uwanjani, tayari ilijulikana nani ameshika nafasi ya tatu kule: Comoro, pointi 2, hawajafunga bao, wamefungwa 2, na Angola, pointi 2, wamefunga 2, wamefungwa 3. Stars walikuwa na pointi moja, baada ya kufungwa 2-1 na Nigeria na kutoka 1-1 na Uganda. Makundi yalikuwa sita, na kati ya timu sita za nafasi ya tatu, nne bora zilifuzu hatua ya mtoano. Ukiwapita Comoro na Angola, basi hata timu za kundi D, E na F zikikupita zote, wewe ni wa nne. Umefuzu pale pale, huna haja ya kusubiri mechi ya mtu.

Sasa angalia matokeo yenyewe. Kwa 1-1, Stars wanafikisha pointi 2, mabao 3 ya kufunga na 4 ya kufungwa. Tofauti ni -1, sawa na Angola, ila bao la kufunga limezidi moja. Ingekuwa 0-0, Stars wangekuwa wamefunga 2 na kufungwa 3, yaani sawasawa na Angola kwa kila kitu, na hapo ndipo bahati ya kura huamua. Maana yake bao la Feisal Salum "Fei Toto" dakika ya 48 lilifanya kazi mbili: lilisawazisha penalti ya Ismael Gharbi ya dakika ya 43, na likaiondoa Angola kwenye mashindano. Mtu anayesema sare ni sare tu hajaipiga hesabu hii. Vijiweni kwetu waliipiga tangu usiku wa tarehe 29, na waliozoea kusoma msimamo wa ligi kwa tofauti ya mabao hawakuhitaji mtaalamu wa kuwaeleza.

Na Tunisia si timu ya kubeza. Walifuzu Kombe la Dunia la 2026 wakicheza mechi kumi bila nyavu zao kuguswa. Novemba 2025 walitoka 1-1 na Brazil mjini Lille. Kwa timu ya namna hiyo, kusawazishiwa dakika tatu baada ya mapumziko, halafu kukaa zaidi ya dakika arobaini bila kupata la pili, ni aibu kwao na sifa kwa mabeki wetu.

Kwa nini basi sisi huku tuliipokea kwa ubaridi? Jibu langu la kwanza halina uhusiano na mpira. Mechi ilianza saa 11 jioni kwa saa za Morocco. Dar ilikuwa saa 1 usiku: watu wametoka kazini, wengi wameshakula au wanakula pale pale kwenye kibanda cha kutazamia mpira. London ilikuwa saa 10 jioni, Jumanne, giza linaanza kuingia na zamu ya mchana iko katikati. Watanzania wengi wa huku wako kwenye nyumba za kutunzia wazee, kwenye maghala na hospitalini. Zamu ya ghala ya saa 8 mchana hadi saa 4 usiku haijali AFCON. Sheria inakupa dakika 20 za kupumzika ukifanya kazi zaidi ya saa sita, na simu kwenye eneo la kazi mara nyingi hairuhusiwi. Ukiwa na bahati unaona dakika 20 kati ya 90. Zaidi ya hapo unaona namba mbili kwenye kioo: 1-1. Mtu aliyeona namba mbili tu hajaona mabeki wakihangaika, hajaona timu ikipumua kwa shida dakika ya 80. Anabaki na jedwali, na jedwali la Stars, kusema kweli, halipendezi machoni.

Waliobahatika kuwa majumbani mwao huku Uingereza nao walikuwa na tatizo jingine. Channel 4 ndio waliokuwa na haki za mashindano huku, bila malipo ya ziada, isipokuwa leseni ya televisheni ambayo wakati ule ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka. Leseni hiyo hulipiwa na yeyote anayetazama chaneli moja kwa moja, hata kwa laptop, na wageni wengi hulijua hilo barua ikishafika mlangoni. Tatizo lenyewe ni kuchelewa kwa picha. Antena ya kawaida huwahi. Intaneti huchelewa, mara nyingi nusu dakika au zaidi. Kundi la WhatsApp lina mtu Mbagala anayetazama kwa dishi, mtu Reading anayetazama kwa antena na mtu Leeds anayetazama kwa simu. Wa Mbagala anaandika "GOOOOO", wa Leeds bado anaona mpira uko katikati ya uwanja. Furaha ya bao imeshakufa kabla bao halijafika. Dawa yake ni rahisi na hatuitumii: zima arifa za programu za matokeo, fungia kundi sauti hadi mapumziko, na kama mnatazama watu kumi ukumbini, wote mtazame kioo kimoja. Simu ya mtu mmoja inayowahi kupata bao inaharibu chumba kizima.

Kibandani hakuna mambo hayo. Kibanda umiza kinatoza Sh 500 au 1,000, benchi ni la mbao, joto ni lile lile la Desemba, lakini watu wote wanaona bao kwa sekunde ile ile. Hilo ndilo linalozaa kelele ile, na kelele ndiyo inayomfundisha hata asiyejua hesabu kwamba jambo kubwa limetokea. Vibanda navyo vina hatari zake. Umeme ukikatika, king'amuzi kinachukua dakika kadhaa kuwaka na kutafuta mawimbi upya, na projekta ya taa ikizimika ghafla lazima ipoe kwanza ndipo ikubali kuwaka. Mwenye kibanda anayejua kazi yake anakiweka king'amuzi kwenye betri ndogo ya inveta kisizimike kabisa, jenereta inakuwa na mafuta tangu mchana, na projekta inaachwa ipoe wakati jenereta inatekenywa. Mwenye kibanda mzembe hupoteza dakika nne, na dakika nne za mwanzo wa kipindi cha pili ndimo bao la Fei Toto lilimo. Sitamtetea huyo, matusi anayopata anastahili.

Sasa kuhusu kuwaiga Waingereza. Sikiliza jinsi wanavyopokea sare. Novemba 2022 kule Qatar, England ilitoka 0-0 na Marekani na mashabiki wake wakazomea. Juni 2024, mjini Cologne, ikatoka 0-0 na Slovenia kwenye Euro. England ilimaliza kinara wa kundi, na kocha Gareth Southgate akarushiwa vikombe vya plastiki na mashabiki wake mwenyewe. Upande wa pili wa uwanja ule ule, Waslovenia walikuwa wanaimba. Walikuwa wametoka sare mechi zote tatu, pointi 3, na hawajawahi kushinda mechi hata moja ya fainali za Euro tangu waanze kushiriki mwaka 2000. Walikuwa wamefuzu hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza. Sisi hadi leo tumecheza mechi 13 za fainali za AFCON, kuanzia Lagos 1980: sare 5, tumefungwa 8, ushindi hakuna. Kama kuna Mzungu wa kujifananisha naye, ni Mslovenia. Mtanzania anayevaa hasira za Mwingereza amevaa koti la mtu mwenye kombe la dunia kabatini.

Lakini nyumbani nako si kwa kusifia kila kitu, na hapa ndipo naachana na wanaoshangilia.

Shida ya kwanza ni kuzifanya sare zote kuwa ndugu. Siku tatu kabla, tarehe 27 Desemba, Stars walitoka 1-1 na Uganda. Simon Msuva alifunga kwa penalti dakika ya 59, Uche Ikpeazu akasawazisha dakika ya 80, na dakika za nyongeza Allan Okello akakosa penalti. Watu walishangilia kukoswa na penalti kana kwamba ni ushindi, wakasahau kwamba uongozi ulitupwa dakika kumi kabla ya mwisho, tena kwa timu ambayo ndiyo ilikuwa ya kufungwa. Januari 2024 ilikuwa mbaya zaidi: kwenye AFCON ya Ivory Coast, mjini San-Pédro, Stars wanaongoza 1-0 kwa bao la Msuva, Zambia wako kumi tangu kabla ya mapumziko, na Patson Daka akasawazisha kwa kichwa dakika ya 88. Mashindano yale tulimaliza na pointi 2, mkiani mwa kundi. Safari hii pointi 2 zile zile zimetuvusha. Sare ya Zambia ilikuwa hasara, ya Uganda ilikuwa hasara, ya Tunisia ilikuwa mali. Zote tatu zilisomeka 1-1, na angalau mbili kati ya hizo zina ugonjwa mmoja: timu ikiongoza inarudi nyuma mapema, viungo wanaacha kwenda na mpira, krosi zinaanza kumiminika, na benchi linachelewa kuingiza miguu mipya.

Shida ya pili ni Simba na Yanga. Bao lilifungwa na mchezaji wa Azam FC, aliyeondoka Yanga kwa mvutano mkubwa mwaka 2023, na kocha wa Stars alikuwa Miguel Gamondi, aliyewahi kuifundisha Yanga. Kesho yake mazungumzo mengi yalikuwa nani amemdharau nani, nani angemuuza nani, wa klabu gani alicheza vibaya. Saa nzima ya redio inaisha na hakuna aliyetaja jinsi Tunisia walivyotengeneza nafasi zao. Hapa Waingereza, pamoja na mdomo wao mchafu, wametuzidi. Mpigaji simu wa kawaida kwenye 606, kipindi cha mpira cha redio ya BBC, atalalamika kwa jazba, lakini atakutajia dakika, nafasi ya beki na mabadiliko yaliyochelewa. Chuki za klabu wanazo tena nyingi. Ila timu ya taifa ikicheza, kitu cha kwanza kujadiliwa ni mechi.

Kuna na kundi la tatu nyumbani ambalo halikushangilia wala kuchambua: wenye mikeka ya kubeti. Aliyeweka Tunisia kushinda ndani ya mkeka wa timu nane, mkeka ulichanika dakika ya 48, na huyo alikaa kimya katikati ya watu wanaoruka. Ukimwona mtu wa namna hiyo kibandani huulizi. Kumbe angeweka Tunisia ashinde au sare, odi zingekuwa ndogo na mkeka ungebaki mzima, lakini nani huweka odi ndogo Desemba, ada za Januari zinagonga mlango?

Stars walipotolewa na Morocco 1-0 tarehe 4 Januari 2026, kwa bao la Brahim Díaz dakika ya 64, sisi wa huku tulipata tena nafasi ya kusema tulisema. Tulisema nini hasa? Kwamba Stars hawataifunga timu iliyocheza nusu fainali ya Kombe la Dunia, tena kwake? Hilo hata konda wa daladala alilijua.

AFCON ijayo imepangwa kuchezwa Kenya, Uganda na Tanzania, Juni na Julai 2027. Mfumo ukibaki wa timu 24, hesabu ya nafasi ya tatu itarudi, na mwenye kutaka kuielewa aanze kuandika mabao ya makundi mengine tangu siku ya kwanza, si siku ya mwisho. Kwa wa Uingereza, Juni tofauti ya saa inapungua hadi mbili: mechi ya saa 1 usiku Dar itakuwa saa 11 jioni London, bado katikati ya zamu. Likizo ya kisheria ni siku 28 kwa mwaka kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, na taarifa inatakiwa iwe angalau mara mbili ya siku unazoomba, na siku moja juu: unataka siku tatu, toa taarifa siku saba kabla. Hicho ni kiwango cha chini tu. Juni na Julai kila mzazi kazini anawinda tarehe zile zile, na ratiba za nyumba za wazee hujazwa miezi mapema, kwa hiyo droo ya makundi ikitoka, andika barua siku hiyo hiyo. Ukishindwa, badilishana zamu na Mpoland. Stars wakicheza yeye hana mechi.