Mtoto akilia "yangu kidogo" sio mchoyo jamani

Jumapili nilikuwa kwa dada, juisi ya ukwaju jagi moja, watoto watatu, glasi safi mbili tu. Wa miaka 4 akapewa kikombe cha chai, kile kifupi kinene. Akaangua kilio, yake kidogo, ya kaka yake nyingi, dada akaanza huyu mtoto mchoyo sijui karithi kwa nani, mi nikasuuza glasi iliyokuwa kwenye sinki nikaimiminia humo ile ile juisi, anaona kwa macho yake. Kimya! Tena anacheka. Kaka yake wa miaka 9 akanishangaa, "mjomba si ni ile ile tu?"

Ni ile ile kwake yeye. Wa miaka 4 macho yameganda kwenye urefu, ule upana wa kikombe haumo kabisa kwenye hesabu zake.

Kuna Mswisi mmoja, Jean Piaget (1896–1980), hili la watoto wanavyofikiri ndo lilikuwa shamba lake. Alianzia Paris kwenye kazi ya vipimo vya akili vya watoto, na wakati wengine wanahesabu waliopata yeye akavutiwa na waliokosa, maana watoto wa umri mmoja walikuwa wanakosea kwa staili moja. Baadaye akawachunguza wanawe watatu tangu wachanga. Ukificha rimoti chini ya kanga, kichanga wa miezi 5 anaachana nayo kama haijawahi kuwepo, akifika kama miezi 8 hivi anaivuta kanga. Ila hapo naona Piaget aliwapunja, mwaka 1985 mtafiti wa watoto Renée Baillargeon na wenzake walionyesha hata wa miezi 5 wanakodolea macho zaidi ubao unaoonekana kupita pale pale lilipo boksi lililofichwa, yaani wanajua kitu kipo, mikono tu ndo bado.

Na umri sio saa ya ukutani, kwamba akifika 7 kengele inalia na ghafla anajua juisi ni ile ile. Mtoto anayetumwa dukani kila siku chenji anaijua vizuri kabisa, mpe hesabu hiyo hiyo kwenye daftari uone anavyotoka jasho.

Wanaonewa zaidi ni hawa wa kuanzia 11, 12 hivi, ndo wanaanza kufikiria hata kitu ambacho hakipo, "je ingekuwaje kama". Mpwa wangu wa kidato cha kwanza alimuuliza bibi yake, kama Mungu anajua kila kitu kabla hatujasema, sasa tunaomba ya nini? Akaambiwa shule inamharibu, akaoshe vyombo. Swali ambalo watu wazima wamekesha nalo karne na karne, kalifikia mwenyewe kwenye kochi, jibu ni sufuria!

Dada bado anasema namdekezea watoto. Ila kile kikombe kifupi siku hizi anakinywea yeye.