Kuku anahema mdomo wazi, we unakimbilia antibayotiki?

Kila Januari mpaka Machi hapa Dar magrupu ya wafugaji yanajaa picha za kuku waliodondoka, na ushauri wa kwanza huwa ule ule, wape antibayotiki. Jamani, joto halina antibayotiki.

Kuku hatoki jasho. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 41, likizidi anahema na kutanua mbawa basi, sasa huku pwani hewa ina unyevu mwingi kwa hiyo hata huko kuhema kunamsaidia nusu nusu, halafu we umemjengea banda la bati limeinama chini, tofali mpaka juu, kadirisha kamoja, eti wezi. Wezi wazuie kwa wavu mzito na kufuli! Ukuta wa chini uwe mfupi, juu wavu mtupu, pande ndefu zitazame kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisimpige ndani, na juu ya bati tandika makuti. Ukitaka kumwaga maji mwaga huko juu ya bati, sio ndani, maana maranda ya sakafuni yakilowa unapata harufu kali na koksi (ule ugonjwa wa kuhara damu) juu yake.

Maji ya kunywa nayo, tenki jeusi linashinda juani, saa nane maji yanachemka na kuku hayagusi. Badilisha mchana, tumbukiza chupa ya barafu. Chakula toa alfajiri na jioni, kusaga chakula kunaongeza joto mwilini, ndo maana broila wanaokaribia kuuzwa wanatangulia kufa. Na wale wa mayai wakianza kutaga ganda laini usikimbilie kulaumu chakula, kuhema sana kunavuruga damu na kalsiamu haifiki vizuri kwenye ganda.

Sisemi magonjwa hayapo. Ukiona kinyesi cha kijani, shingo zimepinda, wanakufa hata usiku wa baridi, hiyo inaweza kuwa kideri, mwite daktari wa mifugo. Ila wakifa mchana tu jua likiwa kali, angalia banda kwanza.

Mi nikiongeza kuku nachukua kishingo. Wateja wanamcheka shingo tupu ila ndo inayompunguzia joto, broila nawaachia wenye mafeni.