Askari Mwanafunzi Asilikopeshe Jimbo

Wiki mbili zilizopita binti yangu aliniwekea karatasi juu ya meza ya jikoni, kando ya sahani ya chapati, akarudi nyuma na kusimama mlangoni kunitazama. Ana miaka 17. Sheria ya Marekani inamruhusu kujiunga na jeshi katika umri huo mradi mzazi akubali kwa sahihi. Karatasi hiyo niliitambua kabla ya kuisoma, kwa kuwa mwaka 2018 nilitia sahihi nyingine kama hiyo, meza hiyo hiyo, kwa ajili ya kaka yake.

Nilimwuliza nilichomwuliza kaka yake: kwa nini? Akanijibu alivyojibu kaka yake.

"Karo, Mama."

Tunaishi Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis katika jimbo la Minnesota, mahali ambapo ukisimama Jumamosi kwenye foleni ya duka la vyakula vya Kiafrika utasikia Kiswahili na Ekegusii kwa pumzi moja. Hapa kila mzazi ameisikia ahadi hiyo: kijana akivaa sare wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili hivi wakati wa kiangazi, jimbo litamsomesha chuo. Ahadi ni ya kweli. Mwanangu amesoma kwa pesa hizo na leo ana shahada. Ninaloliandikia ni namna pesa hizo zinavyolipwa, kwa sababu nimeishi nazo na najua zinamfikia kijana saa ngapi.

Kwanza nieleze jambo ambalo wazazi wengi huligundua mtoto akishaapa. Kuna jeshi la akiba la serikali kuu, na kuna Walinzi wa Taifa, ambao vijana wetu huwaita Gadi kwa kifupi. Sare zinafanana, mafunzo yanafanana, hata malipo ya wikendi yanafanana. Tofauti ni nani mwenye uwezo wa kukuita. Askari wa akiba ni wa Washington. Wa Gadi ana wakubwa wawili: rais akimhitaji atampeleka ng'ambo, na gavana akimhitaji atamwita hapa hapa nyumbani, kwa mafuriko, kwa dhoruba ya theluji, kwa ghasia za mjini. Ni kwa ajili ya wito huo wa gavana kwamba majimbo hutenga pesa za kuwasomesha askari hawa, na kwa kawaida wale wa akiba wa Washington hawamo. Ulizeni hilo kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Hapa Minnesota, ruzuku ya Gadi inaweza kufunika karo yote, kikomo chake kikiwa kiwango cha karo ya shahada ya kwanza katika kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Ukiisikia hivyo unashangilia. Mimi nilishangilia. Lakini jina lenyewe la mpango linasema ni wa kurudishiwa. Unajiandikisha, unasoma muhula mzima, unafanya mitihani, matokeo yanatoka, kisha unapeleka makaratasi uombe pesa ambazo chuo kimeshazidai tangu mwanzo wa muhula. Kuna pia msaada wa serikali kuu, dola 250 kwa kila saa ya masomo inayohesabiwa kwenye shahada (krediti), kikomo kikiwa dola 4,000 kwa mwaka wakati mwanangu anaanza, na huo huenda moja kwa moja chuoni. Unasaidia. Ila karo ya mwaka mmoja ya chuo kikuu kikubwa cha jimbo ni zaidi ya mara tatu ya hapo.

Kwa hiyo vuli ya 2019, kijana aliyetoka mafunzoni akiwa amekonda na kunyooka kama mlingoti alikuja kuniuliza pesa iliyobaki itatoka wapi. Ilitoka kwenye chama. Tuko akina mama 14, wengi wetu tunafanya kazi katika nyumba za wazee, na zamu ya kupokea haikuwa yangu. Mama mmoja aliyekuwa amepanga kumaliza paa la nyumba ya mamake kule Nyamira aliniachia zamu yake. Hata leo nikimkumbuka namwombea. Pesa ilipoturudia, muhula ulikuwa umekwisha na mwingine ulikuwa umeanza, nao una bili yake. Ukiitazama kwa makini utaona kwamba wanawake 14 wanaogeuza wagonjwa vitandani usiku walikuwa wamelikopesha jimbo la Minnesota, bila riba, ili jimbo litimize ahadi kwa askari wake.

Na hiyo ilikuwa miaka ya utulivu.

Mei 2020, baada ya George Floyd kuuawa na polisi Minneapolis, gavana wetu Tim Walz, ambaye naye alitumikia Gadi miaka 24, aliiita Gadi nzima ya Minnesota. Zaidi ya askari 7,000 waliingia barabarani. Sitasimulia hapa maana ya kuwa mama Mwafrika ambaye mwanawe yuko ndani ya sare usiku ule, huku watoto wa majirani wako upande wa pili wa barabara na wana haki ya kulia. Hiyo ni makala nyingine, na sijui kama nitaiweza. Kwa upande wa masomo tulinusurika, kwa kuwa muhula ulikuwa umefungwa.

Aprili 2021 hatukunusurika. Kesi ya polisi aliyemuua Floyd ilikuwa inaendelea mjini, na Jumapili ya tarehe 11 Daunte Wright akapigwa risasi na polisi Brooklyn Center, mji unaopakana na wetu. Mwanangu aliitwa. Muhula ulikuwa umebakiza wiki chache. Sheria ya Minnesota inamlinda mwanafunzi wa namna hiyo: akiitwa kazini anaweza kujiondoa kwenye somo na kurudishiwa karo, au kupewa muda wa kulimalizia baadaye. Mhadhiri mmoja hakuwa amewahi kuisikia. Alimpa sifuri kwenye jaribio lililofanyika wakati kijana amesimama mbele ya kituo cha polisi akiwa na kofia ya chuma. Ilichukua wiki kadhaa na barua nyingi kusahihisha, na somo likabaki halijakamilika hadi mwisho wa kiangazi.

Sasa fuateni hesabu. Somo halijakamilika, kwa hiyo hakuna matokeo. Hakuna matokeo, kwa hiyo huwezi kuomba kurudishiwa karo yake. Bili ya vuli ikaja huku sehemu ya pesa ya masika haijarudi, chuo kikamzuia kujiandikisha hadi alipe deni. Kilichomchelewesha ni wito wa gavana mwenyewe. Kijana wangu aliadhibiwa na kalenda kwa kufanya kile kile alichoahidiwa karo ili akifanye.

Kuna jambo jingine hapa ambalo halisemwi vya kutosha. Siku ambazo Gadi anatumikia kwa amri ya gavana, kwa malipo ya jimbo, hazihesabiwi kwenye ile ruzuku kubwa ya elimu ya serikali kuu iliyoanza kulipwa Agosti 2009 kwa askari waliotumikia baada ya Septemba 11. Ruzuku hiyo inahitaji angalau siku 90 za utumishi unaotambuliwa na Washington. Unaweza kusimama kwenye baridi ya jimbo lako mwezi mzima na usiongeze hata siku moja kwenye kibuyu hicho. Kwa siku hizo, mwenye deni ni jimbo peke yake. Basi lilipe kama mwenye deni, kwa wakati, bila kumfanya anayedai akope ili alipwe.

Novemba 2021 niliwaona kwa macho yangu kazini. Nyumba za wazee zilikuwa hazina watu, wenzetu wengi wameugua au wamechoka na kuacha, na gavana akatangaza kwamba askari 400 watafunzwa kazi ya wasaidizi wa wauguzi. Waliletwa vijana wa miaka 20. Tuliwafundisha kumgeuza mzee bila kumchubua ngozi, kumlisha polepole, kumwita kwa jina. Msichana mmoja aliniambia kwamba ana mtihani wa hesabu wiki hiyo na hajui kama ataufanya. Nilimpa kona yenye taa nzuri wakati wa mapumziko. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia kuhusu makaratasi yake, na nilimwambia machache tu, kwa kuwa kengele ya chumba cha tatu ililia.

Makaratasi yana historia yake katika jimbo hili. Mwaka 2007 askari wapatao 2,600 wa brigedi ya Minnesota, ile ya Divisheni ya 34 inayovaa nembo ya fahali mwekundu, walirudi kutoka Iraq baada ya miezi 16 huko. Karibu nusu yao waligundua kwamba amri zao za kazi zimeandikwa siku 729. Ili kupata kiwango cha juu cha msaada wa masomo walihitaji siku 730. Siku moja! Wanasiasa wa vyama vyote viwili walipiga kelele, na jeshi likakubali kusahihisha rekodi. Ninapowasikia watu wakisema kwamba utaratibu wa malipo ni mambo madogo ya ofisini, nawakumbuka wale waliosimama mbele ya dirisha la chuo na siku 729 mkononi.

Wapo watakaosema jimbo linafanya busara kusubiri matokeo, maana mwanafunzi anaweza kuacha masomo katikati na pesa ya walipa kodi ikapotea. Hoja hiyo naiheshimu, mimi pia nalipa kodi. Lakini serikali kuu imeshaijibu: inalipa chuo mapema, na mwanafunzi akifeli anatakiwa kuzirudisha. Illinois nayo humsamehe askari wa Gadi karo katika vyuo vyake vya umma, kwa muda unaolingana na miaka minne ya masomo kamili, bila yeye kutoa pesa kwanza. Illinois ina kosa lake: bunge likitenga pesa pungufu, chuo ndicho kinabeba pengo. Sitaki tuige hilo. Ila angalau pale mzigo uko mabegani mwa taasisi, haumwangukii kijana wa miaka 19 na mama yake.

Na Minnesota yenyewe inajua kulipa mapema. Tangu vuli ya 2024 kuna mpango wa jimbo unaofuta karo iliyobaki katika vyuo vya umma kwa familia yenye kipato cha chini ya dola 80,000 kwa mwaka. Naufurahia kwa moyo wote, umewainua watoto wa marafiki zangu. Hesabu inafanyika chuoni, mtoto haoni hata bili ya karo. Sisi hatumo. Mimi na baba watoto tukijumlisha zamu za ziada, zile za Krismasi na za usiku wa pili mfululizo, tunapita mstari huo, na fomu haiulizi ni kiasi gani kinachotumwa nyumbani kila mwezi kwa dawa za bibi na karo za binamu. Kwa hiyo katika jimbo lile lile, mtoto asiyevaa sare anaweza kufutiwa karo kabla ya muhula kuanza, na mtoto aliyeapa miaka sita anaambiwa lipa kwanza, tutakuona baadaye. Sitaki wa kwanza anyang'anywe chochote. Nataka wa pili apewe mlango ule ule.

Ombi langu kwa wabunge wa jimbo letu huko Saint Paul ni fupi: pesa ya Gadi ipelekwe chuoni mwanzoni mwa muhula. Mwanafunzi akiacha masomo kwa uzembe wake, adaiwe. Akiacha kwa sababu gavana amemwita, asidaiwe hata senti, na kila mhadhiri aambiwe sheria kabla ya muhula kuanza. Barua nimeshaiandika kwa mwakilishi wetu, na nawaomba wazazi wenzangu wa Gadi waandike za kwao, hata kwa Kiingereza cha kusitasita. Wanasoma.

Ile karatasi ya binti yangu bado iko mezani. Nimemwambia kwamba kama anataka kutumikia, nitatia sahihi nikiwa nimesimama wima, na kama ni karo tu, tuketi kwanza tupige hesabu. Jumapili kaka yake alikuja na faili lake jeusi, lenye amri zote tangu siku ya kwanza, kila moja na nakala mbili. Waliketi hapo jikoni mpaka chai ikapoa. Nilimsikia binti akiuliza ile ya Aprili 2021 ilikuwa siku ngapi, na kama aliwahi kulipwa karo ya somo lile. Kaka yake akasema ndiyo, mwezi wa Oktoba. Binti akaandika: Oktoba.